Pori Tupu

1

Kama kuna kiumbe ninachokidharau kuliko mbung'o, basi ni tajiri aliyeshika brashi. Mbung'o angalau anajua alichokifuata.

Asubuhi ile walikuwa kumi na wanane, wamejipanga ukingoni mwa kilima cha Isimbwa, kila mmoja na mwavuli wake, stendi yake, kiti chake cha kukunja na chupa yake ya chai. Wiki ya Rangi hiyo. Kila Septemba Shirika la Upeo Safi huwazoa kutoka mijini, likawaleta huku kusini ya Sikonge, wakakaa siku sita wanachora miti ili miti ipone. Wanajiita Wachoraji Walinzi. Wana hata fulana zenye maneno hayo mgongoni. Akiumwa mmoja na mbung'o, kambi nzima inatafutiwa daktari.

"Bi Sikudhani," akaniita mama mmoja mwenye kofia pana kama ungo, "nisaidie kuangalia. Wekundu wa majani nimeupata?"

Miombo ya Isimbwa hutoa majani mapya kabla ya mvua, na hayatoki kijani, yanatoka mekundu, kilima kizima kinawaka kama makaa yaliyopulizwa. Ni kitu cha kumtoa mtu machozi. Alichochora yule mama kilikuwa mchuzi uliomwagika.

"Umeupata, mama. Tena sana." Wiki ile nilikuwa nimeshasema uongo huo mara thelathini. Halafu nikaona kitu kingine kwenye kanvasi yake. "Na huyu twiga yuko wapi?"

"Aa, huyo nimemwongeza tu. Kupendezesha."

"Mfute."

"Lakini anapendeza!"

"Mfute kabla hujapuliza, mama yangu, nakuomba."

Mwaka jana, kwenye pori jingine, bwana mmoja wa Masaki alipendezesha hivyohivyo. Kipande chake cha pori kilikuwa kidogo, uwanja wa mpira tu, akamweka twiga katikati, akapuliza pembeni ya kanvasi, picha ikajifunga. Sheria ni sheria: kilichomo kwenye picha iliyofungwa lazima kiwemo kwenye ardhi. Shirika likamleta twiga kwa lori kutoka mbali huko. Kila akitoka kwenye kipande chake, vifagio, zile mashine za ulinzi, vinamrudisha. Alisimama kwenye miombo asiyoijua miezi miwili, akafa. Yule bwana alipewa cheti.

Mama mwenye kofia akamfuta twiga, akanuna. Nikaenda zangu kwenye stendi yangu.

Stendi yangu ilikuwa peke yake, chini ya mwamba, kwa sababu mimi sikuwa mtu wa Wiki ya Rangi. Mimi ni mchoraji wa kiapo. Wale wanachora vipande, mimi nilichora pori zima, kutoka kilimani mpaka mtoni. Picha kuu hudumu miaka kumi na miwili, na ile ya zamani ilikuwa inakwisha nguvu siku ileile, saa kumi jioni. Iliyokuwa mbele yangu ndiyo ya kuchukua nafasi yake.

Siku hizi watoto hawaelewi kwa nini tulirudi kwenye brashi, kwa hiyo nitasema mara moja tu. Mashine zilipojua kutengeneza picha ya chochote, picha ya kamera haikuwa na maana tena mahakamani. Watu walionyesha video za misitu minene, majani yanacheza kwa upepo, kumbe walishakata mpaka vichaka. Wakubwa wakakaa, wakaamua kuuamini mkono. Kanvasi ya kiapo imefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyuzi hizo zinahisi upepo, unyevu, chavua, hata mapigo ya damu kwenye vidole vya anayechora. Zinathibitisha kwamba ulikuwepo pale na si kwingine. Kwamba ulisema kweli hazijui. Hilo wanakuachia wewe na kiapo chako.

Picha ikishafungwa, vifagio vinaachiwa. Ni mashine za miguu sita, ukubwa wa mbuzi, zina mikono miwili na picha inawaka kifuani. Zinatembea porini zinalinganisha. Kilichopungua zinarudisha. Kilichozidi zinaondoa.

2

Saa nne na nusu nikasikia mtu anapanda kilima kwa kuhema. Sikugeuka. Nilidhani ni wa chai.

Kitu kikatupwa miguuni pangu. Ulikuwa mzinga wa gome, umepasuliwa katikati kwa unadhifu, utadhani mkate. Masega yalikuwa yamepondeka, nyuki wachache bado wanatambaa juu yake.

"Mzaramo," sauti ikasema, "kumbe bado hujafa."

Alikuwa Shija Ngelela, mrina asali, Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wangu toka enzi za mababu. Miaka kumi na miwili nyuma, nilipokuja kuchora picha ile ya kwanza, nililala siku tisa pembeni ya kambi yake. Nilikula ugali wake, nikala asali yake mpaka tumbo likanisokota, nikamtukana asubuhi na jioni kama utani unavyotaka. Alikuwa amekonda sasa na nywele zimepata mvi.

"Nife kabla yako, nani atakuja kucheka msibani kwako?" nikamjibu.

Hakucheka. Nikaweka brashi chini.

"Vifagio vimefika juzi," akasema. "Zamani tulikuwa na askari wa msitu, mtu mwenye macho. Akikuta kambi yangu anaomba asali, tunaongea, anaenda zake. Hivi vya sasa haviombi. Vimepasua mizinga arobaini kwa siku mbili. Leo vimesimama uani kwangu, vinasubiri picha mpya. Vikiipata vinamalizia: nyumba, mizinga iliyobaki, kila kitu."

"Shirika linasemaje?"

"Nani kaenda kwa shirika? Nilikiuliza chenyewe. Nikakiambia, wewe dude, kwa nini unanifanyia hivi? Kikanionyesha kifua." Akafuta jasho kwa kiganja. "Picha yako, mtani. Ina jina lako pale pembeni, Sikudhani Kondo. Mti wangu mkubwa wa mkurungu upo. Jiwe ninalonolea panga lipo, hata ufa wake umeuchora. Mimi simo. Nyumba haimo. Mzinga hata mmoja haumo."

Niliinama nikautazama ule mzinga miguuni pangu.

"Nikakumbuka," akaendelea, taratibu kabisa, na utaratibu ule ulinichoma kuliko kama angenizaba kibao. "Uliniambia, mtani, sogea kidogo, unaniharibia picha. Nikasogea. Ukasema na baiskeli pia. Nikaitoa. Ukasema moshi unakuzibia miti. Nikazima moto, nikala kiporo cha baridi siku mbili. Nilidhani nasaidia kazi."

Wallahi, nilitaka ardhi ipasuke. Ndivyo tulivyofundishwa wote: safisha picha. Nguzo ya umeme toa, bati toa, moshi toa, mtu toa. Mwenye jicho hachori takataka. Nilikuwa nimeshawacheka wale matajiri miaka na miaka kwa kuongeza twiga, na mimi nimemtoa mtu mzima mwenye jina, aliyekuwa ananilisha. Vifagio vilikuja juzi tu. Kifagio cha kwanza pale Isimbwa nilikuwa mimi.

"Nitakuchora," nikasema.

"Nichore," akasema. "Ndicho nilichokuja kusema. Sikuja kukusalimia."

3

Dokta Ansila Rweyongeza, mkurugenzi wa Upeo Safi, alikuwa na pua ya kunusa matatizo. Kabla sijamaliza hata mstari wa kwanza wa paa la Shija, alishafika chini ya mwamba, viatu vyeupe, tabasamu limebandikwa.

"Bi Sikudhani, naona kuna nyumba."

"Na mimi naiona, Daktari. Ndiyo maana naichora."

Tabasamu likapungua kidogo. Akamsalimia Shija vizuri tu, akamwomba radhi kwa mizinga, halafu akanigeukia mimi na kuongea kama mwalimu wa chekechea.

"Unajua pori hili linalindwa kwa nini? Kwa sababu picha inasema ni pori tupu. Pori tupu haliguswi na mtu yeyote. Ukichora nyumba moja, moshi mmoja, linakuwa makazi. Na makazi ya moshi mmoja yanahamishwa kwa barua moja." Akanyoosha kidole ng'ambo ya mto. Kulikuwa na vumbi jekundu, na chini ya vumbi matrekta ya kampuni ya mkaa, yamepaki tangu Julai yanasubiri neno. "Watampa huyu mzee kiwanja Sikonge. Wiki inayofuata wanaingia. Unataka kuokoa mtu mmoja uue miti yote hii? Na yeye mwenyewe atahamishwa vilevile!"

Nilimchukia kwa sababu alikuwa hasemi uongo. Angekuwa anasema uongo ningemjibu kwa dakika moja, nikaendelea na kazi.

"Kwa hiyo nimfute tena."

"Usimfute. Mweke kwa busara." Akasogea karibu, akanong'ona utadhani ananiuzia kitu cha magendo. "Mizinga hii ya magome inaning'inia mitini, si ndiyo? Ichore kama viota. Mtambo unaoisoma picha hautajua tofauti. Viota vinakaa, nyuki wanakaa, pori linabaki tupu. Kila mtu kapata."

"Na mimi?" Shija akauliza.

"Wewe... tutakutafutia utaratibu, baba."

"Nichorwe ndege?"

Daktari akaangalia viatu vyake. Nikacheka, kicheko kibaya, cha kukwaruza koo.

"Tuwe wakweli hapa," nikasema. "Kule mashariki mwaka juzi mliwatoa warina asali wote. Kukawa tupu, kusafi, picha na ardhi zinafanana. Mwezi wa tisa moto ukaingia ukala kila kitu, kwa sababu wale mliowatoa ndio waliokuwa wanachoma nyasi mapema mwezi wa tano. Sasa vifagio vyenu vinapanda miche kwenye majivu, inakufa, vinapanda mingine. Ndiyo ulinzi huo?"

"Ni bora kuliko mkaa," akasema, akakigeukia kilima chekundu. Alikuwa analipenda pori kweli, yule mwanamke. Alilipenda jinsi watu wanavyopenda sebule isiyokaliwa.

"Moshi mmoja unahamishwa kwa barua," nikasema. "Na miwili?"

Akainama, akapangusa vumbi kwenye kiatu cheupe.

"Daktari. Na miwili?"

"Mioshi miwili ni kijiji, kisheria," akasema kwa uchovu. "Kijiji hakihamishwi mpaka kaya zote zikubali. Lakini wa pili yuko wapi? Huwezi kuchora moshi usiokuwepo, umekula kiapo. Na mtu akishaingia kwenye picha ni mkazi wa picha. Anaruhusiwa kutembea porini kote, lakini nje ya mpaka haendi. Vifagio vinamrudisha. Miaka kumi na miwili."

Nikamtazama Shija. "Watoto wako?"

"Wako Mwanza. Harufu ya moshi tu hawaitaki. Mama yao angekuwepo..." Akaacha hapo. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa tatu baada ya mimi kuondoka, na hata hilo nilikuwa silijui.

Ilikuwa saa saba kasoro. Nikapanda ukingoni kwa wale kumi na wanane, nikapiga makofi.

"Wachoraji Walinzi!" nikaita. "Mmesema tangu Jumatatu kwamba mtalipenda pori hili mpaka mwisho wa maisha yenu. Leo ni rahisi, linaomba miaka kumi na miwili tu. Anatakiwa mtu mmoja wa kukaa hapa, awashe moto wake, aingie kwenye picha kuu. Akikubali, pori linapona na jirani yetu Ngelela anapona. Nani anabaki?"

Sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile. Mama mwenye kofia alianza kufunga chupa yake ya chai, akaifunga na ilishafungwa. Bwana mmoja akauliza kama inawezekana mtu akabaki kwa njia ya mtandao. Mwingine akapendekeza waunde kamati, wakae kwa zamu, wiki wiki, lakini si kipindi cha mvua. Kijana mmoja mwenye ndevu za kuchongwa alisema kwa uchungu kwamba yeye angebaki, wallahi angebaki, tatizo ni mbwa wake.

"Asanteni," nikasema. "Endeleeni kuokoa."

Nikashuka nikiwa nimejaa dharau mpaka kooni, dharau ya raha, ile inayomfanya mtu ajione mrefu. Ikanidumu mpaka nilipofika kwenye stendi na kumkuta Shija amekaa juu ya mzinga wake uliopasuka, ananitazama. Aliniangalia tu, jinsi unavyomwangalia mtu ambaye hajahesabiwa bado.

Nina nyumba Kigamboni, ghorofa ya tatu, upepo unaingia madirisha mawili. Nina binti, Mwanaisha, anajifungua Desemba, mtoto wa kwanza. Kanga za uzazi nimeshanunua. Nina miaka hamsini na tisa, na pori, ambalo nimelichora maisha yangu yote, sijawahi kulipenda kiasi cha kuishi ndani yake. Nalipenda kwa mbali, saa tatu asubuhi, likiwa na mwanga wa kushoto.

"Mtani," nikasema, "mafiga yanapangwaje?"

4

Tulishuka bondeni, nikapanga mafiga hatua chache kutoka mlangoni kwa Shija, moto ukanishinda mara tatu. Shija alisimama mikono nyuma, akakataa kunisaidia, akasema moshi ukiwashwa na yeye utakuwa wake. Alinitukana kwa raha zake: Mzaramo ukimwondolea ngoma hajui kitu, hata kuwasha kuni. Nilimtukana ukoo wake mpaka kwa babu wa tano. Mara ya nne moshi ukapanda, mwembamba, wa kijivu, ukasimama wima pembeni ya moshi wa jiko lake.

Nikampigia Mwanaisha kabla ya kushika brashi. Alilia, akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia amlete mtoto akifikisha miezi sita. Akasema huko kuna mbung'o. Nikamwambia najua. Akakata simu.

Halafu nikarudi kwenye stendi, nikachora. Wacha niseme ukweli, sijawahi kuchora hivyo. Nilimchora Shija kwenye mlango wake, mabega yameinama, panga mkononi. Nilichora mizinga yote, ile mizima mitini na ile arobaini iliyopasuliwa chini, kwa sababu nayo ilikuwepo. Nikaichora baiskeli. Nikajichora mimi nimesimama karibu na mafiga yangu, mnene, kitenge kimekaa ovyo, uso sikuupendezesha. Nyuma yetu kilima chekundu, na mioshi miwili inapanda mbele yake, na loo, nyekundu ile haijawahi kuwaka vile kama ilivyowaka nyuma ya kijivu. Miaka yote nilikuwa naufuta moshi, kumbe ndio uliokuwa unakosekana.

Daktari Ansila alisimama mgongoni kwangu muda wote. Saa tisa na dakika hamsini akasema, sauti imekwisha, "Bi Sikudhani, bado hujapuliza. Hakuna atakayekulaumu."

Nikapuliza.

Nyuzi zikajikaza, kanvasi ikalia kidogo kama ngozi ya ngoma inayowambwa. Msomaji, ule mtambo mdogo wa shirika uliofungwa mguuni mwa stendi, ukafikiri, halafu ukasoma kwa ile sauti yake isiyo na kwao: "Isimbwa. Makazi. Mioshi miwili. Wakazi wawili. Hawaondoshwi bila ridhaa yao. Muda, miaka kumi na miwili."

Kule bondeni, uani kwa Shija, vifagio vilijiinua vyote kwa pamoja, vikageuka, vikaanza kutembea kuelekea mpakani. Ng'ambo ya mto hakuna trekta lililowaka. Daktari alikaa chini kwenye majani na viatu vyake vyeupe, akalia, sijui kwa furaha au kwa hasara ya utupu wake. Sikumuuliza. Wale kumi na wanane walikuwa wameshakunja miavuli, gari linanguruma. Yule wa ndevu alinipungia mkono.

Nilimgeukia Shija. Nakiri nilikuwa nasubiri asante.

"Unasubiri nini?" akauliza. "Nikushukuru kwa kunirudisha kwangu?"

Akasogea mbele ya picha. Akaiangalia muda mrefu, pua karibu na rangi, kama anavyokagua sega. Akagusa hewa juu ya mlango wake. Akahesabu mizinga. Akaangalia mafiga yangu, akaniangalia mimi wa kwenye picha, akarudi kwa mafiga. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kilichomfanya ashike magoti.

"Mtani," akasema alipopata pumzi, "nyumba yako iko wapi?"

"Nitajenga kesho."

"Utajenga nini? Kilichozidi si wanaondoa?"

Nikaangalia picha. Watu wawili. Mioshi miwili. Nyumba moja, ya kwake, chumba kimoja, chenye nta mpaka darini. Upande wangu majani na anga.

"Miaka kumi na miwili," akasema, bado anafuta machozi. "Na mvua zinaanza Novemba. Sasa wewe mwanamke, hata kibanda cha matawi hukusimamisha ukakichora; haraka yote ile, nyumba umeisahau kweli?"

Nilimwambia nimeisahau. Nilikuwa nimeikumbuka vizuri kabisa. Nyumba ya pili ingeelemea picha upande wa kushoto.